Eka tatu, mashamba matatu

Swali: Msomaji wetu, mwalimu wa skuli huko Mtambwe, Pemba, anaeleza kwamba yeye na kaka yake wameachiwa na marehemu baba yao shamba la eka tatu. Mlimani ipo mikarafuu na minazi, kiasi cha eka moja na nusu. Chini kuna bonde la mpunga la robo tatu ya eka, na pembeni ya nyumba kiwanja cha ukubwa kama huo kinacholimwa muhogo. Kaka anataka "kilimo cha kisasa" kama alichokiona Bara: mbolea ya chumvichumvi, dawa, mbegu za dukani. Binti yake Mwalimu, anayefanya kazi hotelini Unguja, anasema wageni wanataka mboga za kilimo hai, yaani zisizotiwa kemikali, na shamba lisitiwe hata tone la dawa. "Kila siku wananivuta huku na huku. Tufuate njia ipi, na kwa nini?"

Jibu:

Wa alaykum salaam warahmatullah, Mwalimu, na Mungu amrehemu mzee wetu.

Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Mlimani msipeleke kemikali yoyote. Mikarafuu ile imekuwa kilimo hai tangu ilipopandwa, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Bondeni tieni mbolea ya kiwandani, kidogo na kwa wakati wake, na mbadilishe namna ya kupandikiza. Kiwanja cha nyumbani kifanyeni kilimo hai kikamilifu, kwa sababu kinachopulizwa kwenye mboga hakichelewi kufika mdomoni mwa mtu. Kwa hiyo kaka yako yuko sawa bondeni na binti yako yuko sawa kiwanjani. Kosa lao ni kutaka shamba zima liitwe jina moja.

Majina yenyewe yanachanganya watu. Kwetu ukisema "kisasa" mtu anaona chupa ya dawa na bomba la mgongoni. Lakini kazi kubwa mbili za sayansi ya kisasa zilizofanyika Zanzibar katika umri wangu hazikumwachia mkulima chupa ya kununua kila mwezi. Ya kwanza ni mbung'o wa Unguja, waliokuwa wakiwaangamiza ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Walipunguzwa kwanza kwa dawa za kupaka mifugo, kisha kuanzia 1994 madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo aliyekutana na dume tasa hakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Ya pili ni muhogo: mwaka 2007 zilitolewa mbegu nne zinazostahimili maradhi, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizopatikana kwa kuzalisha na kuchagua mimea, msimu baada ya msimu. Hicho ni kilimo cha kisasa, na mkulima wa kilimo hai anaweza kupanda mbegu hiyo asubuhi ya kesho bila kuvunja sharti lolote.

Kilimo cha viwandani ni jambo jingine. Ni shamba kubwa la zao moja, linaloendeshwa kwa mashine na pembejeo za kununua, na hesabu yake yote inaanzia sokoni. Sehemu yake moja, ile ya zao moja kwa soko la mbali, sisi tuliijua kabla ya mbolea ya kiwandani kuwepo. Karne ya 19 Unguja ilijazwa mikarafuu kwa jasho la watumwa, kisha Aprili 1872 kikapiga kimbunga na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Pemba ilisalimika zaidi, bei ikapanda, watu wakapanda, na ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. Upepo wa siku moja uliangusha uchumi wa kisiwa kizima kwa sababu kisiwa kizima kilikuwa kimeegemea mti mmoja. Kaka yako akikushauri mng'oe kila kitu mpande tungule (nyanya) tupu, mkumbushe hilo.

Mbolea ya kiwandani nayo isitukanwe bila kujulikana. Fritz Haber na Carl Bosch, Wajerumani wawili, ndio walioonyesha namna ya kuchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuifanya mbolea, na kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwaka 1913. Sehemu kubwa ya watu duniani leo wanakula kwa sababu ya kazi hiyo. Urea mnayoiona dukani Wete ni mtoto wa teknolojia hiyo, na hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia. Ndiyo sababu vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi mwaka 2022, mkulima wa Pemba naye aliumia.

Tafiti zilizolinganisha mavuno duniani zinaonyesha kwamba kilimo hai, kwa wastani, hutoa pungufu kwa asilimia 20 hivi. Wastani huo una mengi ndani yake. Mashamba mengi yaliyopimwa yapo Ulaya na Marekani, mahali ambapo upande wa kemikali hutiliwa kila kitu. Kwenye majaribio ya muda mrefu yaliyoanza 2007 huko Chuka na Thika, Kenya, mahindi ya kilimo hai yaliyotunzwa vizuri yalifika karibu sawa na wenzake, lakini baada ya miaka kadhaa ya kuulisha udongo. Miaka hiyo ndiyo watu wanaisahau. Sri Lanka, kisiwa kama sisi, ilipiga marufuku mbolea za kemikali kutoka nje mwaka 2021 kwa ghafla, mpunga ukaanguka, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikarudi nyuma. Mbolea ya asili haikuwa na lawama pale. Walitaka udongo uliozoea kulishwa kwa kijiko ujitafutie chakula ndani ya msimu mmoja.

Sasa twende shambani kwenu, tuanze na mlimani.

Chukua jembe, Mwalimu, uchimbe shimo la kina cha kiganja chini ya mkarafuu mkubwa, pale majani makavu yalipolala. Bonge la udongo litavunjika mkononi lenyewe, lina vijizizi vyeupe na nyungunyungu, linanuka kama mvua ya kwanza. Kisha nenda hatua ishirini hadi pale mliposafisha pakabaki uwanda mtupu, uchimbe tena. Pale udongo umeshikana, mwekundu, na maji ukiyamwaga yanateleza juu. Milima ya Mtambwe ina mteremko na Pemba ina mvua kali. Masika moja kwenye ardhi tupu huondoa rutuba ambayo majani yalichukua miaka kuitengeneza, na rutuba hiyo inateremka bondeni na kuishia kwenye mikoko. Kwa hiyo msichome majani, msipalilie mpaka udongo ukang'aa. Kata magugu kwa panga uyaache yalale palepale. Kwenye mapengo pandeni safu za mananasi zinazokwenda ubavuni mwa mlima, kamwe zisishuke nao. Mananasi yanazuia udongo na yanauzika.

Dawa ya magugu msiipeleke huko kabisa. Najua vijana wanaipenda kwa sababu inaokoa siku nne za jembe, lakini ikishaua majani yote, mvua inayofuata inachukua ulichobakiwa nacho.

Na msiwaue maji moto. Hao chungu wekundu wanaoshona majani kwa utandu na kukung'ata ukipanda mti ni walinzi wenu wa minazi. Ukiona vidaka, yaani nazi changa, vinapukutika vingi vikiwa na makovu na utomvu uliokauka, mara nyingi ni kazi ya mdudu mmoja mwenye mdomo wa kufyonza, na utafiti uliofanyika hapahapa Zanzibar tangu miaka ya 1950 umeonyesha kwamba mnazi wenye maji moto wengi hausumbuliwi naye. Wachumaji karafuu wanawachukia, na wana sababu. Lakini njia iliyopo ni kuviondoa viota vyao vichache kwenye mkarafuu utakaochumwa siku hiyo, na kuviacha vya minazini. Kupuliza dawa mti mzima ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Chungu wakihangaika na kushindwa kurudi, angalieni kama chini kuna sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa. Hao hupigana na maji moto na kuwazuia wasipande.

Bondeni hesabu inabadilika, na hapa nataka binti yako asome kwa makini. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Samadi nzuri iliyokauka ina naitrojeni kama asilimia 1, pengine zaidi kidogo. Ili upate kilo 23 zilezile unahitaji samadi tani mbili na ushei, na hata hizo hazitoi chakula chote mwaka wa kwanza. Mna ng'ombe wangapi? Mwenye ng'ombe wawili wanaofungwa malishoni mchana hakusanyi samadi hiyo kwa mwaka, na hata akiipata atahitaji gari na vibarua kuifikisha bondeni. Watu wengi waliohubiriwa kilimo hai wameachwa hapo. Samadi kidogo mliyonayo ipelekeni kwenye mboga, itazaa zaidi huko.

Kwa hiyo mpunga upeni urea, ila kwa adabu. Kipimo cha mfuko mmoja kwa eka kinatosha kuanzia, na bonde lenu halifiki eka, basi mfuko mmoja utabaki na kitu. Gaweni mara mbili: wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, na tena mpunga unapoanza kujenga mimba. Msimwage juu ya maji yaliyosimama. Sehemu kubwa itapotea hewani. Punguzeni maji, tieni, kisha rudisheni maji. Na nyasi za mpunga msizichome baada ya kuvuna. Sehemu kubwa ya potashi, chakula kingine cha mmea, imo kwenye nyasi hizo, zilazeni ardhini muburuge nazo.

La muhimu kuliko mfuko wa mbolea ni namna ya kupandikiza. Tumezoea kuatika, miche ikae mwezi, kisha tunachomeka mitano sita kwenye tundu moja. Kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska, kinataka mche mchanga wa siku nane hadi kumi na mbili, mmoja kwa tundu, sentimita 25 kila upande, na bonde linaloloweshwa na kuachwa likauke kidogo badala ya kugharikishwa muda wote. Mara ya kwanza utaona aibu kulitazama, bonde linaonekana tupu na majirani watakuuliza kama mbegu iliisha. Subiri wiki sita. Mche mmoja unatoa matawi kama fagio. Kazi inayoongezeka ni palizi, maana pasipo maji ya kudumu magugu yanashangilia, na lazima bonde liwe na njia ya kuingiza na kutoa maji. Kama halina, jaribuni robo tu ya bonde kwanza.

Jambo moja nisilifiche. Mabonde kadhaa ya Pemba yaliyo karibu na hori yanaingiwa na maji ya bahari. Kama ncha za majani ya mpunga wenu zinaungua na juu ya udongo unabaki unga mweupe wakati wa jua, mgogoro huu wote wa mbolea weka pembeni. Chumvi haiponi kwa urea wala kwa samadi. Inataka tuta la kuzuia maji na mikoko iachwe isimame, na hilo ni la wenye mabonde wote kwa pamoja.

Tumefika kiwanjani.

Miaka michache iliyopita niliingia shamba moja la tungule Unguja, zuri kweli, mistari imenyooka. Kijana alikuwa anachanganya dawa kwenye ndoo ileile ya kuchotea maji kisimani, anakoroga kwa kijiti, anapima kwa kizibo cha chupa ya soda. Dawa ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina. Nikamuuliza anapima vizibo vingapi. "Vitatu, lakini wakizidi natia vitano." Nikamuuliza anavuna lini. Akasema kesho alfajiri, gari ya soko la Jumbi inakuja. Mikono yake ilikuwa na rangi ya maziwa mpaka kwenye kiwiko, na mdogo wake wa miaka saba hivi alikuwa amekaa kwenye kivuli pembeni anakula tungule.

Sikulala vizuri usiku ule, na sikumlaumu kijana. Hakuna aliyemwambia kwamba kila dawa ina siku zake za kungojea kabla ya kuvuna, nyingine siku tatu, nyingine siku saba, nyingine zaidi, na zimeandikwa kwenye karatasi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Na alikuwa anapigana na kantangaze, yule nondo mdogo ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda. Ukilinyanyua jani juani unamwona amelala katikati ya ngozi mbili kama barua ndani ya bahasha, dawa ya juu inapita tu. Tena kantangaze amekwisha kuzizoea dawa nyingi. Vizibo vitano vile vilikuwa vinawaua buibui na nyigu waliokuwa upande wa mkulima.

Hii ndiyo sababu nasema kiwanja kiwe hai. Kwa eka robo tatu mnaweza kukagua kila mche kwa macho, jambo ambalo mwenye eka hamsini haliwezi. Tundikeni mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, madume yatajaa humo. Majani yaliyochimbwa yachumeni mapema myazike. Kwa wadudu wengine tumieni mwarobaini: twanga kokwa zilizokauka, gramu 500 kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya kipande kidogo, puliza jioni kwa sababu jua huiua nguvu yake. Haiui papo hapo. Mdudu anaacha kula na hakui, kwa hiyo msivunjike moyo asubuhi mkimkuta bado yupo.

Mzunguko wa mazao msiudharau. Tungule, bilingani na pilipili ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Mnyauko ukishaingia ardhini unawangoja wote. Baada ya tungule pandeni kunde au chooko, kisha mchicha au bamia, na muhogo uendelee kwenye sehemu yake. Kunde na chooko zinakusanya naitrojeni kutoka hewani bila kiwanda cha Haber. Mbolea ya kuku ni kali, ichanganyeni na majani makavu na makumbi mabovu, irundikwe na kugeuzwa mpaka isiwe na joto ukiingiza mkono. Jivu la jikoni lina potashi, muhogo unalipenda.

Kuhusu muhogo, ukipasua mzizi ukakuta mabaka ya kahawia magumu ndani na nje ulionekana mzima, hiyo ni michirizi ya kahawia. Hakuna dawa ya aina yoyote inayoitibu, ya chupa wala ya mwarobaini. Ng'oeni, msichukue mbegu humo, na muulizie vijiti safi kwa mabwana shamba wa kituo cha utafiti cha Matangatuani.

Kama shamba lenu lingekuwa Makunduchi au Jambiani, ningekuwa mkali zaidi hata kwenye urea. Upande ule wa Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe yenye matundu kama sponji, udongo wa kina cha kidole, na chini yake ndipo yalipo maji ya kisima. Kinachomwagwa juu mvua inakishusha haraka kwenye ndoo ya jirani. Nyinyi Mtambwe mna udongo mzito unaoshika zaidi, lakini kisima cha nyumbani kikiwa karibu, sababu ya kukiweka kiwanja safi inazidi.

Limebaki soko, na hapa namuonea huruma binti yako kwa sababu hakuna aliyemweleza. Neno "hai" likiandikwa kwa ajili ya kuuza lina masharti. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, na wakulima wadogo wanaweza kukaguliwa kwa kikundi. Soko la Ulaya linadai miaka miwili ya kujisafisha kwa mazao ya msimu na mitatu kwa miti. Karafuu zenu, hata zikiwa safi kama zilivyo, ni vigumu zidai bei ya kilimo hai mkononi mwenu, maana karafuu huuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa bei iliyopangwa. Viungo vingine viko huru: manjano, mdalasini, pilipili manga. Pilipili manga inapanda juu ya mti wowote mlionao mlimani. Kama mnataka cheti kiwalipe, anzieni hapo, pamoja na majirani.

Kwa hoteli, kabla hamjapanda hata mche mmoja, mtume binti amuulize mnunuzi wa jikoni mambo mawili: anahitaji kilo ngapi kila wiki, na mwezi gani hupungukiwa. Wanunuzi wengi niliozungumza nao wanakimbilia mboga za Bara kwa sababu zinafika kila wiki, na mkulima wetu huleta nyingi mwezi mmoja kisha hupotea miezi mitatu. Akikujibu kwamba anataka mchicha na bamia kilo ishirini kila Jumatatu, gaweni kiwanja vitalu sita, mpande kitalu kimoja kila wiki mbili. Mkumbuke pia gharama ya boti kutoka Pemba. Huenda mboga za majani zikauzike vizuri zaidi kwa majirani wa Chake Chake na viungo vikavu ndivyo vivuke.

Masika yako mbele. Mwambie kaka yako anunue urea ya bonde, mfuko mmoja tu, na fedha iliyobaki ya dawa anunue beseni, mitego na waya wa kuzuia kuku wasiingie kitaluni. Wewe anza leo kurundika makumbi na majani nyuma ya nyumba, yakutane na mvua yakiwa yameshalowa.